Sheria ya Robi

Habari ya kifo cha Mwalimu Ochola ilinifikia kwa simu, kwenye kundi la wanafunzi wa zamani, na sikuiamini. Mimi si mtu wa kuamini kitu kwa sababu kimeandikwa. Katika kundi hilo hilo tumeshamzika Pamela mara moja, na Pamela yuko Kisumu anafuga kuku. Basi nikampigia mpwa wa marehemu, kisha katibu wa kanisa lao, kisha mtu wa mochari kule Homa Bay ambaye tulijuana nikiwa kazini, na ni huyo wa tatu aliyenitosheleza. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kupima macho ya nyavu kwenye fuo za ziwa, kutoka Homa Bay mpaka Takawiri, na mvuvi akiniapia kwa Mungu kwamba wavu wake ni halali nilikuwa namwambia, "Sawa, tuone," huku natoa rula. Wakaniita Madam Tuone. Sikukasirika, jina lilinifaa. Lakini tabia hiyo sikuipata kwa nyavu. Niliipata mwaka mmoja nikiwa na miaka kumi na minane, kwa namba moja, na nikikumbuka nilivyoipata sioni la kujisifia.

Wakati huo sekondari bado ilikuwa na kidato cha tano na cha sita. Shule yetu ya wasichana ilikuwa nje kidogo ya mji wa Migori, na upepo ukivuma kutoka mashambani ulituletea harufu ya tumbaku iliyokuwa ikikaushwa, hata uji wa asubuhi ukawa na ladha yake. Kidato cha tano tuliochukua hesabu tulikuwa wanne tu. Awuor alitoka kisiwa cha Takawiri, msichana wa kucheka. Pamela alikuwa mtoto wa mchungaji, mtaratibu, kalamu zake zimepangwa kama kwaya. Robi alikuwa Mkuria wa upande wa mpakani, mrefu, wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu kwa sababu hakujua Dholuo, wala sisi hatukujua Kikuria. Tulipotaka kusema jambo asilisikie tuligeukia lugha yetu tu, mbele yake, bila hata kushusha sauti. Wa nne ni mimi, Akinyi.

Mwalimu Ochola alituingiza katika chumba cha ramani, kilichopakana na jiko la shule, akaandika ubaoni namba moja: 2,147,483,647. Akasema, "Hii ndiyo kazi yenu ya mwaka. Niambieni kama ni tasa." Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kama saba, kama kumi na tisa. Hiyo yake, alisema, huzaliwa kwa njia nyepesi: andika mbili thelathini na moja, zizidishe zote pamoja, kisha toa moja. Awuor akauliza kama hakuna kitabu chenye jibu. "Kiko," akasema Mwalimu. "Kitabu kinajua. Swali ni kama ninyi mnajua." Kisha akatuonya tusidanganyike na sura. Mbili hizo zikiwa mbili tu, ukizizidisha na kutoa moja unapata tatu. Zikiwa tatu, saba. Tano, thelathini na moja. Saba, mia moja ishirini na saba. Zote tasa, zote watoto wa heshima. Halafu unafika kumi na moja, unapata 2047, unasema hii nayo ni tasa kama wenzake, kumbe ni ishirini na tatu mara themanini na tisa. "Namba inaweza kukaa mbele yako na uso wa malaika," alisema, "na ndani imegawanyika." Maneno hayo yaliniingia kuliko mahubiri yoyote ya Jumapili.

Njia ya kujua ilikuwa moja tu kwetu, jasho. Kuigawa namba hiyo kwa kila namba tasa kuanzia mbili, mpaka 46,340 au karibu na hapo. Ukipita hapo bila kupata inayoigawa umemaliza, kwa sababu namba mbili kubwa kuliko hiyo zikizidishwa zinaipita. Mwalimu alikuwa na kitabu cha majedwali kilichochanika majalada, tukazihesabu: namba tasa 4,792. Tukazigawana wanne, kila mmoja 1,198. Saba kwa siku baada ya masomo, kumi kila Jumamosi. Hakukuwa na kikokotoo cha kuazimana, kulikuwa na daftari, kalamu na kugawanya kule kurefu kunakoshuka ukurasa mzima. Kila mgao uliandikwa na baki lake mwishoni. Ukiigawa kwa kumi na tatu inabaki kumi. Kwa kumi na saba inabaki nane. Sifuri ndiyo tuliyoitafuta na kuiogopa. Na kwa kuwa mtu anaweza kuandika baki lolote la uongo na ukurasa ukapendeza, Mwalimu aliteua mkaguzi wa kupitia madaftari ya wenzake. Aliniteua mimi.

Niseme ukweli, nilikipenda cheo hicho kuliko hesabu yenyewe. Hebu fikiria uzito wake: namba 4,791 zikikaguliwa sawasawa na moja tu ikaandikwa kwa uvivu, hatujui chochote. Kazi yote ya mwaka inaning'inia kwa mvivu mmoja. Nikaanza kuwatazama wenzangu kwa jicho hilo. Awuor alipocheka nilijiuliza anaficha nini. Pamela alipoandika kwa mwandiko ule wa harusi nikasema moyoni, hati nzuri ni ya nini kwa kazi ya jasho? Dirisha la chumba cha ramani lilitazama jikoni, na wapishi walizungumza huku wakichambua omena, dagaa wa ziwani, wakidhani hesabu imetuziba masikio. Mpishi mkubwa, Mama Dorina, alisema siku moja, "Hawa watoto wanatafuta nini kwa hiyo namba moja? Ingekuwa mtu ingekuwa imesema." Mwenzake akajibu, "Angalia huyo mrefu wa mpakani. Wenzake bado wameinama, yeye ameshafunga daftari anaangalia nje. Anamaliza aje mapema hivyo?" Mama Dorina akaguna, akasema, "Huyo ana kitu."

Ana kitu. Maneno mawili, nikalala nayo na kuamka nayo. Ni kweli Robi alikuwa akimaliza mapema tangu mwezi wa tano. Sisi kengele ya chakula ilitukuta vidole vimekufa ganzi, yeye alikuwa amekaa ameegemea ukuta, ametulia. Daftari lake alilitoa kwa ukaguzi likiwa na kurasa za mwanzo tu, akisema za mbele bado. Mwezi wa sita, mchana mmoja alipokwenda kuoga, nililichukua kwenye dawati lake. Sitasema nililiazima. Nililichukua. Kurasa za mwanzo zilikuwa safi, nikajaribu tano, zote sahihi. Halafu ghafla nukta. Namba tasa zimeandikwa kwa mstari, na mbele ya kila moja nukta badala ya baki. Nukta ukurasa mzima, kisha mgao mmoja kamili, halafu nukta tena. Nilihisi furaha, na hii ndiyo sehemu inayoniuma: kabla sijahisi hasira, nilihisi furaha.

Nilimpelekea Mwalimu lile daftari siku hiyo hiyo, na akatuita wote wanne chumba cha ramani. Akamuuliza Robi nukta ni za nini.

"Hizo haziwezi kuigawa, Mwalimu," Robi akasema. "Nimeziruka."

"Haziwezi kwa nani?"

"Hazina nafasi. Tazama ile 2047. Ni ishirini na tatu mara themanini na tisa. Toa moja kwa kila moja. Unapata ishirini na mbili, na themanini na nane. Zote zinagawanyika kwa kumi na moja, na 2047 imetengenezwa na mbili kumi na moja. Nimejaribu namba nyingine za aina hiyo, ni hivyo hivyo. Hii yetu imetengenezwa na mbili thelathini na moja. Basi namba yoyote ya kuigawa, ukitoa moja, lazima igawanyike kwa thelathini na moja. Na kwa kuwa ni witiri, haigawanyiki kwa mbili, lazima igawanyike kwa sitini na mbili. Zinazofaa ni chache sana. Kwa sisi wote wanne, hazifiki mia mbili."

Awuor aliangalia vidole vyake vyenye wino. Mwalimu akasema kujaribu si kuthibitisha, kwamba hata 2047 ilionekana tasa kwa wasiojua. Robi akasema anajua, bado anatafuta sababu. Mwalimu akafikiri, kisha akanigeukia mimi. "Akinyi, wewe ndiye mkaguzi. Chukua maneno ya mwenzako uyapime. Nakupa mpaka Jumatatu. Yakisimama, tutaifuata njia yake. Yasiposimama, hawezi kuendelea nasi."

Jumapili wenzangu walipokwenda kanisani nilibaki na kisingizio cha tumbo. Nilikaa chumba cha ramani na nia moja, kumwangusha. Nikachukua saba. Anza na moja, zidisha kwa mbili, ikipita saba itoe saba: moja, mbili, nne, halafu moja tena. Mzunguko wa hatua tatu, na saba ukitoa moja ni sita, tatu inaingia. Nikachukua ishirini na tatu, ikazunguka kwa hatua kumi na moja. Nikachukua namba nyingine, na nyingine, nikitafuta moja ikatae. Ikafika saa kumi jioni, chai ya jikoni inanukia, ndipo nikaona sababu yenyewe, ile Robi aliyokuwa bado anaitafuta. Ukiigawa namba yoyote kwa tasa, mabaki yanayowezekana, ukiacha sifuri, hujipanga katika mizunguko yenye urefu sawa na hakuna linalobaki nje. Kwa hiyo urefu wa mzunguko lazima uingie kamili. Namba inayoigawa ile yetu lazima izunguke kwa hatua thelathini na moja, wala haiwezi kwa chache zaidi, kwa sababu thelathini na moja nayo ni tasa. Basi. Iliketi mbele yangu, nyeupe, haina doa. Robi alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa na uthibitisho wake mkononi.

Nililia. Msidhani nililia kwa uzuri wa hesabu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimegawanya mara mia saba na zaidi, na kati ya hizo, kwa sheria ya Robi, zilizohitajika hazikufika thelathini. Miezi mitano ya mkono wangu ilikuwa takataka, na aliyeigeuza takataka ni msichana aliyekaa ameegemea ukuta akiangalia nje. Nilichana ile karatasi vipande vidogo, nikavitia kwenye moto wa jiko nilipokwenda kuchukua chai. Mama Dorina akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, tumbo limepoa?" Nikasema limepoa.

Jumatatu Mwalimu aliniuliza mbele ya wote kama maneno ya Robi yanasimama. Nikasema, "Hayasimami." Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nimepima. Robi hakubisha. Aliniangalia kidogo, akachukua kalamu yake, akatoka. Siku hizo kuitwa mdanganyifu wa kazi shuleni kwetu kulikuwa kubaya kuliko kuitwa mwizi wa sabuni. Tukaigawa sehemu yake upya sisi watatu, zaidi ya mia tatu na tisini kila mmoja, na kumbukeni nilikuwa najua karibu zote ni kazi bure. Niliwaona Awuor na Pamela wakipinda migongo, nikapinda wangu. Nilikuwa nawakagua kwa ukali mpya, nikiwadai haki kwa kila baki.

Tulimaliza mwezi wa kumi, hakuna sifuri. Namba ilikuwa tasa. Mwalimu akaandika kazi yetu kwenye karatasi kubwa za manila, jina lake juu, majina yetu matatu chini, akatupeleka Homa Bay kwenye maonyesho ya shule. Tulipanga karatasi zetu katika ukumbi uliojaa mashine za kupura mahindi na volkano za udongo. Mgeni mmoja kutoka chuo, mzee mwenye miwani, alisoma kila mstari, akatupa mkono, kisha akasema kwa upole, "Kazi kubwa sana hii. Lakini mngeweza kuacha karibu zote. Toa moja, angalia kama sitini na mbili inaingia. Hakuna aliyeliona hilo kati yenu?" Pamela akaniangalia. Awuor akaniangalia. Mwalimu Ochola hakuniangalia, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Tulipewa cheti cha pili.

Kurudi tulisimama Rodi Kopany kunywa chai. Awuor na Pamela walikwenda kununua ndizi, nikabaki na Mwalimu kwenye benchi la hoteli, mandazi katikati yetu. Akasema bila kuinua macho, "Jumapili ile, ulipima au hukupima?" Nikasema, "Nilipima." Akakoroga chai kwa muda mrefu ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Kunywa basi," akasema, "tuondoke." Nilisubiri amwite Robi. Nilisubiri wiki, mwezi, muhula. Hakumwita. Cheti kikatundikwa ofisini kwake, nami mwaka uliofuata akaniandikia barua nzuri ya chuo, iliyosema mimi ni msichana mwaminifu. Robi aliacha hesabu alipoingia kidato cha sita. Nilimchukia Mwalimu kwa barua ile na nikaitumia. Tangu hapo sijamwamini mtu anayenisifu, na mtu akiniambia amepima namuuliza alipima nini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu sikukitafuta nguoni, nilikwenda kukitafuta kwenye nyavu za watu.

Mazishi yalikuwa nyumbani kwake, si mbali na Rodi Kopany. Mahema, viti vya plastiki, spika zinazokoroma. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu nilipomwona Robi, mvi kichwani, bado mrefu, kitambaa cha kanisa mabegani. Nilikuwa nimesikia kwamba alikuwa mkunga, na kwamba nusu ya watoto wa mpakani wamepita mikononi mwake. Kwetu mtu mwenye neno na marehemu hulisema kabla ya udongo. Mwongoza shughuli akaita wanafunzi wa zamani, dakika tano, akanipa maikrofoni. Nilisema yote. Nilisema Robi alikuwa sahihi, nikasema nilijua, nikasema nilichoma karatasi, nikasema marehemu naye alijua. Nilieleza hata mizunguko, Mungu anisamehe, mbele ya watu mia nne waliokuwa na njaa. Mzee mmoja alimuuliza jirani yake kwa Dholuo, "Hii ni namba ya simu ya nani?" Mwongoza shughuli akanikata kwa heshima, "Asante sana madam, tumeelewa alikuwa mwalimu mwenye bidii." Nilirudi kwenye kiti nikiwa mwepesi, na niseme wazi, nikijipenda kidogo.

Baada ya maziko Robi alinifuata nyuma ya hema la chakula. Nilimsalimu, nikaanza tena kuomba msamaha, akainua mkono.

"Hiyo namba nimeisahau, Akinyi," akasema. "Hata inavyoanza siijui. Kwa hesabu nilikasirika kama mwezi hivi, hasira ikaisha. Mimi nilitaka nikuulize kitu kingine. Tulikuwa tunakula wanne kwa sinia moja. Baada ya ile Jumatatu nilipokuja kuketi, sinia liliondolewa. Nikapewa sahani ya bati, nikaambiwa nikalie kule mlangoni. Nilikula peke yangu mpaka mwaka ukaisha. Mama Dorina alikuwa ananiongezea mboga kwa huruma. Nani alisema?"

Nilimwambia sikumbuki. Na hiyo haikuwa hila, haki ya Mungu, sikuwa na kumbukumbu yoyote ya sinia wala sahani. Nilimwambia huenda ni Pamela, alikuwa mtu wa taratibu. Nilimwambia huenda ilikuwa amri ya matron. Robi alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sawa," akasema. "Wewe ni mtu wa kupima. Pima."

Akanipa mkono, akaenda kutafuta waliokuja naye. Nyumbani nilikaa siku tatu nikijaribu. Naona chumba cha ramani, naona wino, naona omena ikimwagwa kwenye ungo. Namtafuta Robi mezani baada ya mwezi wa sita na simpati, na sipati pia aliyemwondoa. Siku ya nne nikampigia Awuor Takawiri, kisha nikampigia Pamela papo hapo kabla hawajapata nafasi ya kupatana, nikawauliza swali moja kwa maneno yale yale. Kisha wote wawili wakanitajia jina langu.